Mchuzi Mchachu wa Ijumaa

Alikuwa mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu nyuma ya mlango wa jokofu ungeapa jikoni hamna mtu. Sisi tulimwita Mpishi. Jina lake kamili lilikuwepo kwenye kitambulisho, refu kama treni ya mizigo, na siku moja nililisoma mpaka katikati nikachoka. Alitoka Assam, pembe ya India iliyo mbali na bahari, nchi ya majani ya chai na ya mto ambao yeye alidai ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Alizaliwa mwaka gani na ukoo gani, siwezi kusema, maana sikuuliza. Ninachokijua ni mikono yake, kopo lake la biskuti, na miaka minne ya Ijumaa ambayo alitupikia samaki bila yeye mwenyewe kumtia mdomoni. Hilo la mwisho ndilo linalonikalisha kuandika, kwa sababu lilianza na sisi.

Tuliishi wanne Najma, mtaa wa Doha, orofa ya tatu, katika chumba ambacho mmoja akijigeuza kitandani, wengine walilazimika kupiga kura. Khamis wa Unguja alikuwa dobi wa hoteli. Mwangi, Mkenya wa Nyeri, alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi. Mimi wa Tanga nilikuwa dereva wa familia moja, nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu tayari, na cheti changu nilikuwa nimekitundika ukutani juu ya kitanda kana kwamba ni picha ya rais. Mpishi ndiye pekee aliyewahi kukisoma chote, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye alama yangu ya hisabati akanipa pole.

Kazi yake ilikuwa The Pearl, mtaa wa matajiri, kwa familia iliyopenda chakula kizito. Huko alipika wali wa nyama unaomeremeta samli, kondoo mzima aliyejazwa njugu, mchuzi wa krimu ambao kijiko kilisimama wima ndani yake kama nguzo ya bendera. Wageni walimwita sebuleni wampigie makofi. Yeye alirudi Najma, akavua viatu, akanywa maji ya moto, akasema, "Leo nimepika tena kitanda. Watu wamekula, wamelala."

Chakula cha kweli, kwake, kilikuwa kile cha Ijumaa.

Tukirudi mimi na Khamis kutoka msikitini, ngazi nzima ilikuwa inanuka mafuta ya haradali. Mafuta yale, yakipata moto, hutoa harufu inayoingia puani na kutokea kisogoni, na mara ya kwanza Mwangi alifungua dirisha akaita zimamoto kwa mdomo. Mpishi hakusikia la mtu. Samaki alikuwa rui, wa mtoni, aliyegandishwa, wa duka la Wabangali hapo chini. Alimpaka chumvi na manjano, akamkaanga kidogo tu, akamweka kando. Kwenye mafuta yaliyobaki alitupa punje za uwatu, zikapasuka. Nyanya zikafuata, wakati mwingine vipande vya mumunye, kisha maji mengi. Kitunguu hakuna. Thomu hakuna. Nazi ndiyo kabisa, ukiitaja alikuangalia kama uliyetukana mama yake.

"Ami, mbona maji matupu?" Khamis alimuuliza Ijumaa ya kwanza, huku akichungulia sufuria. "Kwetu haya ya kunawia."

"Onja kwanza, shekhe. Tukana baadaye."

Kiswahili alikiokota chumbani kwetu, hasa kwa Khamis, kwa hiyo alimwita kila mtu shekhe, hata Mwangi, ambaye Jumapili huenda kanisani na shati jeupe. Tulionja. Sasa mimi najulikana kwa kuongeza, lakini hili siongezi: ule mchuzi ulikuwa mwepesi kama chai na mchachu kiasi cha kukufanya ufumbe jicho moja, na baada ya wiki nzima ya joto la Agosti na wali wa mafuta ya vibandani, ulishuka kooni kama mtu aliyekufungulia dirisha. Khamis aliongeza mara tatu. Mwangi alinyanyua sahani akanywa. "Buda," alisema, "hii ni dawa. Sema tu ni dawa nisiulize."

Uchachu ulitoka kwenye kopo. Lilikuwa kopo la biskuti lenye picha ya tausi, na ndani yake mlikuwa na vipande vikavu vya tunda la kwao, vyeusi na vigumu kama soli ya kiatu. Mkewe alilikata tunda hilo kila mwaka, akalianika juu ya paa, akampa yeyote anayerudi Doha kutoka likizo. Kipande kimoja kilitosha sufuria nzima. Khamis, ambaye anaamini hakuna kitu duniani kisichopatikana Unguja, alisema sisi tuna ukwaju, tuna ndimu, tuna mbirimbi. Mpishi akakubali kwa kichwa kwa heshima zote na kuendelea kutumia chake.

Mke mwenyewe tulimjua kwa simu. Kila Ijumaa Mpishi aliiegemeza kwenye chupa ya chumvi, naye mama yule akawa anasimamia mapishi kutoka Assam. Akimuona anafunika sufuria, alifoka. Akimuona anakoroga mara nyingi, alifoka. Sisi tulipita nyuma tukisema, "Shikamoo, mama," naye alicheka akijiziba mdomo kwa pindo la nguo. Walikuwa wameoana miaka thelathini. Siku moja Mwangi, ambaye hana haya, alikaa akajumlisha likizo zote na kugundua kwamba wale wawili walikuwa wameishi chini ya paa moja muda usiofika miaka minne. Alijuta kwa kulisema. Mpishi aliendelea kumenya viazi. "Lakini Ijumaa zote," alisema. "Jumlisha na Ijumaa, Askari."

Alikuwa na tabia ya kukagua miiba. Tukimaliza kula, alipita kwenye kila sahani akiangalia tulivyoipanga pembeni, na humo alisoma kila kitu: nani ana haraka, nani ana mawazo, nani ameacha nyama kwenye uti kwa uvivu. Mimi alikuwa akinirudishia sahani. "Dereva, hapa shingoni bado kuna chakula cha mtoto." Yeye mwenyewe aliacha miiba mitupu, imepangwa kwa ukubwa, mikubwa huku midogo kule, utadhani ni spana za fundi.

Na alikuwa mtu wa kinyume. Aliyejua chakula kuliko wote tuliokutana nao hakuwahi kukosoa chakula cha mtu. Niliwahi kupika ugali ukawa na mabonge ya kurushia mbwa. Alikula, akasema, "Nzuri sana, shekhe." Mwangi alichemsha maharage yakaungua mpaka jirani akabisha hodi. "Nzuri sana, shekhe." Kwake kukataa alichokipika mtu mwingine kwa ajili yako ilikuwa sawa na kumpiga kofi. Tulizoea kumcheka kwa hilo. Laiti tungelitafakari.

Habari ilifika asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, ameivaa kofia yake ya kazi. "Mama amekwenda," alituambia. Tulidhani anamaanisha safari. Moyo wa mkewe ulikuwa umesimama akiwa anafagia ua. Huko kwao hawakai na maiti, jioni ile ile walikuwa wamemaliza kila kitu, na mtoto wa kaka yake ndiye aliyewasha moto. Kwenda kulikuwa kwenda kukuta majivu. Mama wa nyumba ya The Pearl alimpa pole na siku mbili za kupumzika, na siku mbili hazifiki hata nusu ya njia.

Sisi tukafanya kama tulivyolelewa. Nyumba iliyofiwa haiwashi jiko siku tatu, wenzio ndio wanaokulisha, na hata Mwangi alisema kwao ni vivyo hivyo. Khamis alibadilishana zamu. Siku ya kwanza Mpishi alikunywa maji tu. Jioni ile tukateta jikoni kwa sauti ya chini kama wezi.

"Mzee hajala," nikasema.

"Atakula nini sasa?" Mwangi akauliza. "Pilau? Moyo wake utakubali pilau?"

Wazo likaja kwangu. Naliandika hapa ili lijulikane ni la nani. Nikasema, "Tumpikie mchuzi wake."

Kesho yake tulipika. Khamis alikaanga samaki, Mwangi alikata nyanya, mimi nilipanda kwenye stuli nikalishusha lile kopo la tausi, na kwa kuwa sikujua kipimo na huzuni ilikuwa kubwa, nilitia kiganja kizima. Vipande ambavyo mkono wa yule mama ulikuwa umevikata. Mchuzi ukawa mchachu wa kung'oa rangi ukutani. Tukampelekea kwenye sahani yake ya chuma, tukasimama watatu ukutani, Mwangi na taulo begani.

Mpishi aliangalia sahani muda mrefu. Aliangalia mlango wa jikoni, ambako kopo lilikuwa wazi juu ya meza. Alituangalia sisi. Kisha akanyanyuka, akanawa mikono mpaka viwikoni, akarudi, akaketi, akala. Alikula wali, akala samaki wote, vipande viwili na kichwa. Machozi yalimtoka, nasi tukagusana viwiko kwa furaha kwamba sasa analia, na kulia ni afya. Akapanga miiba yake pembeni.

"Nzuri sana," akasema. "Nzuri sana, shekhe."

Kwa miaka minne nilijivunia siku hiyo. Niliisimulia kwa watu. Kila nilipoisimulia, sufuria iliongezeka ukubwa.

Baada ya hapo Mpishi hakula samaki tena. Alitupikia kila Ijumaa kama kawaida, ila kopo alilifungia kwenye sanduku lake chini ya kitanda, na uchachu akautoa kwenye nyanya na ndimu. Yeye alikula viazi vya kuchemsha na dengu. Hata mchuzi hakuuonja. Aliniita mimi: "Dereva, onja." Nikaonja. "Chumvi?" Bado. "Uchachu?" Ongeza. Kwa njia hiyo, bila kukusudia, alinifundisha mchuzi wote, kuanzia moshi wa haradali mpaka ule wakati hasa wa kuzima moto. Mpishi mkubwa namna ile akawa anapikia ulimi wa dereva. Tulipomuuliza, alisema tumbo. Khamis akamletea habbat sauda. Mwangi akamwambia aende kliniki. Alishukuru wote wawili, akaendelea kuegemeza simu kwenye chupa ya chumvi, imezimwa, kioo cheusi, akipika mbele yake.

Hilo la simu tuliliona wote, na hakuna aliyelisema.

Kisha familia niliyokuwa naiendesha ilihamia mtaa wa Abu Hamour, nikapewa chumba uani, nikaondoka Najma. Mwanzoni nilirudi kila Ijumaa. Baadaye Ijumaa moja moja. Baadaye nikawa natuma salamu kwa sauti. Mnaijua safari hiyo, wengi wetu tumeipita bila hata kupata pancha.

Mwaka huu viyoyozi vya nyumba yetu viligoma, na fundi aliyekuja alikuwa kijana wa Assam. Nilifurahi kama niliyeokota ndugu. Nilimpa chai, nikamsimulia habari za Mpishi, na nilipoufikia ule mchuzi wa msiba nikausimulia kwa mikono yote miwili.

Fundi aliweka kikombe chini. "Siku ya ngapi?"

"Ya pili."

"Mlimpa samaki siku ya pili?"

Akanieleza taratibu, kwa Kiingereza chepesi, kama anayemweleza mtu mahali umeme ulipokatika. Kwao aliyefiwa hagusi samaki wala nyama. Anakaa hivyo siku nyingi, zaidi ya kumi, mpaka ibada za marehemu zimalizike. Ndipo ndugu na majirani wanakusanyika, samaki anapikwa, wanakula pamoja na aliyefiwa, na hapo matanga yameisha. Samaki ndiye anayefunga.

"Na yeye alikula?" akauliza.

"Alikula mpaka kichwa."

Fundi akatikisa kichwa, akapanda ngazi yake. Mimi nilibaki na birika mkononi. Vile vipande vya kwenye kopo nilikuwa sijamtajia.

Nilimpigia Khamis kumweleza, akasema, "Basi fanya haraka. Ami anaondoka moja kwa moja. Ijumaa hii."

Ijumaa hiyo niliingia Najma saa nne asubuhi nikiwa na rui mfukoni, nyanya, na chupa ya haradali. Khamis na Mwangi walikuwa kazini. Mpishi alikuwa anafunga sanduku. Amezidi kukonda, jambo ambalo nisingeamini linawezekana, na mikono ilikuwa inatetemeka. Kwa mikono hiyo The Pearl walikuwa wamempumzisha, wakampa zawadi ya saa.

"Dereva," alisema. "Umenenepa. Nani anakupikia kitanda?"

"Mzee, leo napika mimi."

Hakubisha. Alivuta kiti mpaka mlangoni mwa jikoni, akakaa. Nilipaka chumvi na manjano. Nilikaanga. Nilitupa uwatu. Yote hayo nikiwa nimempa mgongo, na ni vizuri, kwa sababu kilichofuata nisingeweza kukisema usoni pake.

"Mzee. Siku ile tulikulisha samaki."

"Mlinilisha vizuri."

"Fundi mmoja wa kwenu ameniambia."

"Wa mji gani?" Nikamtajia. "Watu wa mji ule wanaongea sana," akasema.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nyinyi watatu mmesimama ukutani kama wanafunzi wanangoja matokeo. Khamis ameacha kazi. Askari ana taulo. Mimi niseme nini? Niseme, ondoa?"

"Ungesema. Halafu umejinyima miaka yote hii kwa ajili yetu. Umejiadhibu."

Nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha puani. Aliyoyasema baadaye nayanyoosha kidogo tu, maana Kiswahili chake kilikuwa na mabonge kama ugali wangu.

"Adhabu gani, Dereva. Sikiliza. Mtu akifa, siku zile zote anatoka nyumbani pole pole. Akishatoka, tunakula samaki, tunafunga mlango. Wazee wa dini hawasemi hivi, nasema mimi. Mimi nilikula siku ya pili. Nimefunga mlango, yeye bado yuko ndani." Akanyoosha kidole kinachotetemeka kwenye chupa ya chumvi. "Basi yuko. Miaka minne yuko pale. Nikila tena, atatoka. Nilikuwa sitaki atoke."

Nyanya zilianza kushika chini. Nikamwaga maji.

Akanyanyuka, akaenda kwenye sanduku, akarudi na kopo la tausi. Mlikuwa na vipande vitatu. Mimi ndiye niliyelimaliza kopo lile, kwa kiganja kimoja. Alichukua kimoja akakitia kwenye sufuria yangu, viwili akavifunga kwenye leso.

Mchuzi ulipoiva nilimpakulia. Aliisogeza sahani puani, akafumba macho. Nilisubiri ukutani pale pale. Aliishika mpaka wali ukaanza kupoa, halafu akaisukuma mbele yangu.

"Hapa hapana," akasema. "Nikila hapa, atatoka hapa. Najma hajui mtu. Atamuuliza nani njia? Nampeleka kwanza."

Kwa hiyo nilikula mimi, peke yangu, naye akiniangalia. Ulikuwa umeiva sawasawa. Nilipomaliza alivuta sahani akakagua.

"Shingoni," akasema, na kunirudishia.

Nilimpeleka uwanja wa ndege alasiri ile. Alikataa kukaa nyuma. Njiani alishika chupa ya chumvi mapajani, ile ile, tupu, ameiosha. Mtu wa ukaguzi angemuuliza nini hasa, sijui. Tulipoagana alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Wiki tatu zilipita. Ijumaa, tumetoka kuswali, simu yangu ikalia. Ilikuwa picha, bila neno lolote. Sakafu ya udongo, watu wengi wamekaa mstari mrefu, unaona magoti yao tu, na mbele kabisa sahani ya chuma. Niliikuza mpaka ikaanza kuvunjika. Miiba ilikuwa pembeni, mikubwa huku, midogo kule. Nikaikagua mmoja mmoja, nikamaliza na shingo.

Hakuwa ameacha kitu.